Shujaa Mwenye Uso wa Kuazima



Binti mmoja wa nyumbani kwetu, mwenye miaka 9, alijichora akiwa shujaa arukaye angani. Nywele akazipaka rangi ya manjano. Tulipomuuliza sababu, akajibu kwamba mashujaa ndivyo walivyo. Hapo tukamtolea kitabu cha katuni cha Ms. Marvel.

Kitabu hicho kilianza mwaka 2014. Mwandishi ni G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu. Mchoraji ni Adrian Alphona. Mwaka 2015 juzuu ya kwanza ilitunukiwa tuzo ya Hugo. Shujaa wake, Kamala Khan, ni msichana wa Kiislamu mwenye asili ya Pakistani, mkaazi wa Jersey City. Usiku mmoja atoroka kwenda karamuni ilhali babake amemkataza. Huko apewa kwa hila sharubati ya machungwa iliyotiwa pombe, aitema. Apatapo nguvu za ajabu, umbo lake lageuka akawa mwanamke mweupe mwenye nywele za manjano, na kwa uso huo wa kuazima amwokoa msichana anayezama. Lakini kinachomsukuma ni chake mwenyewe: aya ya Suratul Maida, aliyoizoea kinywani mwa babake, kuhusu uzito wa kuokoa nafsi moja. Baadaye wazazi wampeleka kwa Sheikh Abdullah. Atarajia kukemewa, sheikh amwambia atafute mwalimu.

Mfululizo wa televisheni wa mwaka 2022, wenye sehemu 6, tuliupenda nusu. Iman Vellani aigiza kwa uchangamfu. Viatu vyaibwa msikitini, jambo lisilo geni kwetu. Na machungu ya kugawanywa kwa Bara Hindi mwaka 1947 yasimuliwa kwa heshima. Ila nguvu zimehamishiwa kwenye bangili ya ukoo, nazo ni za mwanga tu. Kamala hageuki tena kuwa mtu mwingine, kwa hivyo mtihani wa kuukubali uso wake umetoweka. Filamu ya The Marvels ya mwaka 2023 ilizidi kupunguza: wazazi wake wamebaki wa kuchekesha.

Twawasihi wazazi wakisome kitabu hiki pamoja na watoto, wala wasiwaachie peke yao, kwani kina utoro na siri nyingi. Binti yetu hakuuliza lolote kuhusu nguvu. Aliuliza, "Mbona hakumwambia mamake?" Tulimfungulia kurasa za mbele, ambako Kamala hatimaye akiri, na mama amjibu kwamba alikwisha kujua kitambo. Binti alinyamaza, kisha akamtazama mamake kwa muda mrefu.