Redio za Mlimani, Redio za Pwani: Mwenyewe ni Nani?

Ukitoka Karatina kwenda Nanyuki, ukishapita Kiganjo utafika Chaka, mji mdogo wa Kieni katika Kaunti ya Nyeri, unaojulikana na wasafiri kwa nyama choma. Katika miji kama hiyo redio haizimwi. Muuza nyama, dereva wa matatu, mama muuza viazi, wote wanasikiliza, na siku hizi siasa haikosekani.

Tangu Seneti kumng'oa Rigathi Gachagua katika unaibu wa rais, Oktoba 17, 2024, vita vya mlimani vimekuwa vikipiganwa hewani. Gachagua ni mtu wa Mathira, jirani na Kieni, na vituo vya lugha ya Kikuyu anavijua vizuri. Rais Ruto naye, mwisho wa Machi 2025, kabla ya kuanza ziara yake ya mlimani, alikaa akahojiwa na vituo vya lugha hiyo kwa pamoja. Wote wawili wanaelewa kwamba kura ya kule hutafutwa redioni kwanza, jukwaani baadaye.

Sisi wa Pwani tumezoea kuyatazama haya kama mambo ya watu wa bara. Tukiulizwa kasoro iko wapi, haraka twasema ni lugha, kwamba redio za kikabila ndizo zinazochochea. Hoja hiyo ina historia yake. Tume ya Jaji Waki mwaka 2008 ilivitaja vituo vya lugha za mama, na Joshua arap Sang wa Kass FM akafikishwa mahakama ya ICC, ingawa kesi yake ilikatizwa Aprili 2016 bila ya kupatikana na hatia. Lakini hoja ya lugha inatufanya tusahau kuuliza kituo ni cha nani, na mwenyewe anataka nini.

Tuhesabu basi. Inooro FM ni ya Royal Media Services, kampuni ya Samuel Kamau Macharia. Kameme FM ilianzishwa mwaka 2000 na Rose Kimotho, kisha ikaingia Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Coro FM ni ya KBC, shirika la serikali. Sasa tugeuke tutazame kwetu. Bahari FM ni ya Royal Media. Milele FM ni ya Mediamax. Pwani FM ni ya KBC. Wanaomiliki redio zinazosikilizwa Chaka ndio wanaomiliki redio zinazosikilizwa Likoni na Malindi. Lugha ni tofauti, wenyewe ni wale wale.

Kuna atakayesema kwamba mwenye kituo hana nguvu hiyo tunayompa. Atatoa mfano wa uchaguzi wa 2022, na ni mfano mzuri. Uhuru Kenyatta na Macharia wote walimuunga mkono Raila Odinga. Hata hivyo Nyeri ilimpa William Ruto zaidi ya kura 4 katika kila 5. Msikilizaji ana akili zake, hilo nakubali. Lakini mtu akishaona redio ina mkono wa mtu ndani yake, haachi kutafuta habari. Anahamia kwenye makundi ya WhatsApp na video za TikTok, ambako hata huyo mwenyewe wa kumshuku haonekani. Hasara ya redio kukosa kuaminika ni hiyo, na inatupata sote.

Tuliiona Agosti ile ile. Fomu za 34A zilikuwa wazi kwenye tovuti ya IEBC. Runinga zetu kubwa zikaanza kujumlisha kura, kila moja kwa hesabu yake, tarakimu zikatofautiana, kisha zikasita kabla ya kufika mwisho. Mwananchi akabaki gizani siku zile ambazo alihitaji mwanga zaidi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Vyombo vikinyamaza, uvumi hupata kiti.

Tena mwenye kituo naye ana bwana wake. Serikali ni mteja mkubwa wa matangazo ya biashara, na Machi 2024 iliagiza matangazo ya taasisi zake yapelekwe KBC. Wasimamizi wa vituo binafsi walielewa somo. Juni 25, 2025, siku ya maandamano ya vijana, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo viache kuyaonyesha moja kwa moja, na runinga kadhaa zikazimwa mitambo hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Na chini kabisa yuko mwandishi wa mashinani, anayelipwa kwa idadi ya habari zake zilizotumika. Mwanasiasa akimpa "nauli" baada ya mkutano, sote twajua nauli hiyo ni ya kwenda wapi. Mkono mtupu haulambwi. Kumlaumu yeye peke yake ni kumuonea.

Sisi Waislamu tuna elimu inayoweza kutusaidia hapa. Hadithi haikubaliwi kwa utamu wa maneno yake. Huulizwa imepokewa kutoka kwa nani, na yeye aliipokea kwa nani, mpaka mwisho wa isnadi. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Habari ya siasa nayo ina isnadi: mwandishi, mhariri, mwenye kituo, na aliyelipa.

Wazee waliiweka isnadi hiyo wazi. Muigwithania, lililoanza mwaka 1928 likihaririwa na Johnstone Kenyatta, lilikuwa gazeti la chama cha Kikuyu Central Association na halikujifanya la kila mtu. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na msomaji alijua anamsoma nani. Kuwa na upande si kosa. Kosa ni kuuficha upande huo na kujiita mwamuzi.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Ninalotaka ni dogo. Kila kituo, kabla ya kipindi cha siasa, kitaje mmiliki wake, na kiseme wazi kama kipindi hicho kimelipiwa na kimelipiwa na nani. Baraza la Vyombo vya Habari lilisimamie hilo mlimani na Pwani kwa kipimo kimoja. Redio zetu za dini hapa Mombasa zisiachwe nje, wala tovuti kama hii unayoisoma. Upendeleo hautakwisha kwa kutaja majina, lakini msikilizaji atajua anachokunywa kimetoka kisima gani.

Na hata kabla Baraza halijaamka, kuna swali lisilohitaji sheria. Kesho asubuhi mgeni wa siasa akianza kuzungumza redioni, muulize aliye karibu nawe: kituo hiki ni cha nani? Kama hakuna ajuaye, msiisambaze habari hiyo mpaka mjue.