Yai la Kwanza ni la Nani?

Nataka kukuuliza neno moja, na usijibu kwa haraka. Kuku wako akitaga nyuma ya jiko, yai lile ni la nani? Wengine watasema: Ni la soko. Wengine watasema: Ni la mgeni. Wengine watasema: Ni la baba, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba. Nimewauliza swali hili wagonjwa wengi wanaongoja mlangoni mwa hospitali. Ni wachache sana waliojibu: Ni la mtoto.

Kwanza niungame kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipotoka shule ya Biblia, nilitumwa kuhubiri katika kijiji kimoja cha milimani huku Kivu. Wakristo wa kule walinipokea vizuri sana. Jioni mama wa nyumba akaleta bukari na kuku mzima, na watu wazima watatu tukaketi kula. Watoto walikuwa karibu na mlango wa jiko. Mmoja wao, wa miaka miwili hivi, hakucheza wala hakulia. Miguu yake ilikuwa imevimba, uso wake ulikuwa mviringo, na nywele zake zilikuwa nyekundu na laini kama nywele za muhindi. Nilimtazama. Kisha nikafumba macho, nikaomba juu ya chakula, nikala. Watoto walipata mchuzi na mifupa. Wakati ule nilikuwa bado sijajifunza uuguzi, lakini macho nilikuwa nayo.

Nilirudi kijiji kile baada ya masika. Sikumwona mtoto yule. Sikuthubutu kuuliza, lakini mama yake aliniambia mwenyewe, tena bila kunilaumu. Angalinilaumu, ningalipata usingizi upesi zaidi.

Baadaye nilijua jina la ugonjwa ule. Huku kwetu watu wengi wanauita bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari zake katika mwaka 1933, katika inchi iliyoitwa Gold Coast siku zile, na leo ni Ghana. Jina lenyewe alilipata kwa wamama wa kabila la Waga. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Wamama wale walikuwa wameona vizuri. Mimba nyingine inakuja, mtoto anaachishwa ziwa, kisha anapewa bukari ya muhogo na mchuzi kidogo, asubuhi na jioni. Tumbo linajaa, lakini mwili haujengwi. Tena surua au kuhara kukimpata mtoto wa namna hiyo, nguvu zake zinakwisha kabisa.

Sasa fikiri, ndugu. Mtoto yule alikuwa akikosa chakula cha kujenga mwili katika nyumba yenye kuku. Kuku walikuwa wakitembea mbele yake kila siku. Hakuna mtu aliyemchukia. Baba yake alimpenda, mama yake alimpenda. Lakini kuku walikuwa wa mgeni, na mayai yalikuwa ya soko, na mtoto hakuwa na sehemu.

Yai moja la kuku wa kijiji lina gramu 5 au 6 za chakula kinachojenga mwili, ambacho waganga wanakiita protini. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kulila, kama limechemshwa mpaka limekuwa gumu na kupondwa ndani ya uji, huku akiendelea kunyonya. Usimpe yai bichi au lililoiva nusu.

Najua maneno yanayosemwa. Nimesikia kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Nimesikia kwamba atachelewa kusema. Nimesikia pia kwamba mwanamke mwenye mimba asiguse yai wala nyama ya kuku. Wazee wetu walikuwa na hekima katika mambo mengi, nami ninawaheshimu. Lakini katika jambo hili angalia: ni nani aliyebaki na nyama wakati wamama na watoto walipokatazwa? Watoto wangu wamekula mayai tangu utoto wao. Walisema mapema, hata wakati mwingine ninatamani wanyamaze kidogo.

Mama mmoja ataniambia: Muuguzi, nisipouza mayai nitapata wapi chumvi na sabuni? Sikulaumu, mama. Sisemi usiuze. Nasema panga. Kuku wa kijiji anataga mayai 10 au 15, kisha analalia siku 21. Toa kwanza sehemu ya mtoto. Kisha weka mayai ya kulaliwa, ili kundi lisipungue. Yatakayobaki, peleka sokoni. Lakini nimewaona watu wanaouza mayai kamili, halafu kwa franka zile zile wanamnunulia mtoto biskuti na mandazi. Huyo ametoa kizuri akaleta kinachopita tumboni tu.

Mzee mmoja wa kanisa alinijibu siku moja kwa Maandiko. Alisema: Eliya alimwomba mjane wa Sarepta ampikie yeye kwanza, na mtoto baadaye. Ni kweli. Lakini soma habari ile mpaka mwisho. Unga haukwisha, wala mafuta hayakupunguka, na mjane na mwana wake walikula siku nyingi. Mimi nikila kuku wako, ndugu, siwezi kumrudisha katika banda lako. Mhubiri asiye na uwezo wa Eliya asidai sahani ya Eliya. Naye Bwana Yesu, alipotaka kutuonyesha upendo wa Baba wa mbinguni, alitaja mtoto anayemwomba baba yake yai. Hakutaja mgeni.

Sasa neno juu ya bustani. Kuku peke yake hatoshi. Nyuma ya jiko panda lengalenga, matembele na maboga, na papai moja au mawili pembeni. Majani ya kijani yaliyoiva sana rangi, yakipikwa na mawese kidogo, yanalinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na magonjwa. Sombe ni nzuri pia, lakini itwange vizuri na kuipika muda mrefu bila kufunika chungu, kwa kuwa muhogo mbichi una sumu. Ongeza maharagi au karanga, maana hivyo pia vinajenga mwili. Maji uliyooshea vyombo usiyamwage njiani, yapeleke kwenye mboga. Mavi ya kuku changanya na majani na majivu, acha yaoze miezi kadhaa, kisha uyachimbie katika udongo. Hivyo kuku analisha bustani, na mabaki ya bustani yanalisha kuku.

Lakini usilale na kuku katika chumba cha mtoto. Mtoto anayetambaa anaweka mkono chini, kisha anaweka mkono kinywani, na kuhara kunaanza. Jenga kibanda kidogo cha miti, kiinue juu ya inchi, funga mlango usiku kwa ajili ya paka wa mwitu. Wape kuku maji safi. Tena kuna ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kuna chanjo yake, tone moja tu katika jicho, na inapaswa kurudiwa kila miezi michache. Kama bwana mifugo anafika upande wenu, ongeeni kijijini mumwite pamoja, ili gharama igawanyike.

Wababa, nina neno kwenu. Mmoja wenu aliniambia kwamba bustani ya nyuma ya nyumba ni kazi ya wanawake. Nilimkumbusha kwamba katika kitabu cha Mwanzo mtu wa kwanza alipewa bustani kabla ya kupewa mke. Alicheka, lakini juma lililofuata nilimwona na jembe. Mimi mwenyewe, nikitoka katika wadi jioni, moyo wangu umechoka kwa kuugua kwa watu. Sina mchezo mwingine unaonipumzisha kama saa moja ya kutazama kuku wangu na kung'oa majani mabaya. Binti yangu mdogo amewapa kuku wote majina, na anachora mstari wa makaa mlangoni kwa kila yai. Anajua kuhesabu kuliko wenzake, na alijifunzia bandani. Starehe ya namna hii haikunyang'anyi franka, na inakurudisha nyumbani ukiwa na akili timamu.

Tena sikilizeni sana neno hili. Kama mtoto wako amekwisha kuvimba miguu, kama nywele zinabadilika na hataki kula wala kucheza, usikae nyumbani ukimpa mayai na kungoja. Mlete hospitali siku ile ile. Mwili wake umekuwa dhaifu, na chakula kingi kwa ghafula kinaweza kumdhuru. Sisi tutampa maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huo, kidogo kidogo, mchana na usiku, na dawa pamoja nayo. Usione haya. Hatutakuuliza kwa nini ulichelewa. Tutafurahi kwamba umefika.

Na kwa ninyi mnaopokea wahubiri, nawaomba jambo moja. Nikifika nyumbani kwako, nipe bukari na sombe, nitashiba na kumshukuru Mungu. Ukitaka kuniheshimu kupita hapo, mwite mtoto wako mdogo, mketishe karibu nami mkekani, umpe yai lake mbele yangu. Nitalimenya kwa mikono yangu mwenyewe. Kuna mtoto mmoja ambaye sikumfanyia hivyo, na siwezi tena kumrudia. Wako bado yupo mlangoni mwa jiko. Leo jioni, kabla ya kuomba juu ya chakula, mtazame.