Kigali: Ushuru haupimi injini, mnunuzi apime mwenyewe

Anayetafuta gari dogo la petroli lililotumika jijini Kigali ana soko jembamba kuliko mwenzake wa Kampala au Dar es Salaam. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu katikati ya miaka ya 2000 imezuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia. Kwa hiyo Vitz na Passo za Japani, zilizojaa kwa majirani, hazimhusu. Hubaki na Polo, Golf na Yaris, nyingi zikitoka Ulaya kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa.

Kodi nayo humsukuma kwenye injini ndogo. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, sheria ya mwaka 2019 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini isiyofika cc 1,500, na asilimia 10 kuanzia hapo hadi cc 2,500. Malipo hayo hayarudi injini ikifa mwezi wa pili. Na kumsukumia jirani gari hilo si rahisi, kwani Uganda na Tanzania huendesha kushoto.

Hatari kubwa iko kwenye injini ndogo zenye turbo. TSI ya lita 1.2 ya Volkswagen ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 inajulikana kwa cheni ya taimingi inayorefuka. Toleo lililofuata lilitumia mkanda. Cheni iliyochoka hugonga sekunde chache injini ikiwashwa ikiwa baridi, kisha hunyamaza. Mnunuzi akifika na kukuta boneti ya moto, hilo hatalisikia. Arudi kesho asubuhi.

Kisha kuna hoja ya milima. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi. Muuzaji hujificha humo: gari likikata pumzi likipanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini, lawama ni ya mwinuko. Pengine ni kweli, pengine pistoni zimelika. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni humaliza ubishi huo kwa muda mfupi. Namba zenyewe hushuka kidogo kwa mwinuko, hivyo cha kutazamwa ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Moja ikiwa chini sana, bei ijadiliwe upya au gari liachwe.

Cheti cha ukaguzi wa polisi hakitoshi. Ukaguzi huo huangalia breki, taa, usukani na moshi. Haufungui plagi wala haupimi silinda. Malipo ya fundi ni madogo mbele ya kodi iliyokwisha kuingizwa kwenye bei, na yafanyike kabla ya malipo ya awali, wakati muuzaji bado ana sababu ya kupunguza.