Anayealikwa Aweze Kukataa

Mwalimu, muuguzi au askari polisi anayepangiwa kituo kisiwani Mafia akitokea Mbeya, Moshi au Bukoba hushuka Kilindoni na dini yake. Anakuta makanisa machache, yamekusanyika mjini, na misikiti vijijini kote, kuanzia Bweni kaskazini hadi Jibondo kusini. Jumapili anasali na wenzake wa kutoka bara. Jumatatu yuko darasani, wodini au kituoni akiwahudumia watu ambao Uislamu wao ni wa karne na karne. Akiwa ni Mkristo wa kweli, ipo siku atatamani kumwambia jirani, mwanafunzi au mgonjwa wake: njoo kanisani. Je, amwambie? Wapo wanaojibu upesi kwamba watu wa Pwani hawaambiliki, kwa hiyo asijisumbue. Wapo pia wanaojibu kwamba Tanzania ni nchi ya amani isiyo na udini, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Majibu yote mawili yananiacha na wasiwasi uleule, kwamba yanahukumu tabia ya anayealikwa na kumsahau kabisa anayealika.

Chukua jibu la pili, lile la amani. Utafiti wa Afrobarometer uliofanywa katika nchi 33 za Afrika kati ya 2014 na 2015 ulikuta kwamba watu 87 katika kila 100 wangependa, au wasingejali, kuwa na jirani wa dini nyingine. Ni habari njema, na Mtanzania yeyote aliyewahi kupanga chumba anaijua hata bila utafiti. Lakini swali la jirani ni swali jepesi. Jirani hadai zaidi ya salamu, chumvi ya kuazima na heshima. Mwaliko wa ibada unagusa kaburi la baba, jina la mtoto atakayezaliwa, na namna mtu mwenyewe atakavyooshwa na kuzikwa. Mtu anaweza kumpenda Mkristo wa nyumba ya pili kwa moyo wake wote na bado mwaliko huo ukamkaa vibaya. Tukiuchukulia wema wa ujirani kama idhini ya kuhubiriwa, tunamdhulumu mtu kwa kutumia ukarimu wake mwenyewe.

Jibu la kwanza, kwamba watu hawa hawaambiliki, linaanguka mbele ya maisha ya kila siku. Msiba ukitokea kwa Mkristo wa Kilindoni, Waislamu huenda kukaa matanga, hubeba maji, na hawakatai kusimama karibu wakati mchungaji anaomba. Harusi ya kanisani huwapata wageni waliovaa kanzu na baibui. Wenye harusi nao, kwa desturi iliyoenea Tanzania nzima, humwita Mwislamu achinje mbuzi ili sinia la pilau lisimtenge mtu. Desturi hiyo haikuandikwa popote na haikulazimishwa na mtu, na ndiyo sababu ilidumu. Tuliona ilivyo tete pale ilipogeuzwa kuwa suala la nani ana mamlaka ya kuchinja: mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa machinjio uliishia kwenye kifo cha mchungaji. Jambo lilelile ambalo kwa hiari lilikuwa adabu, kwa amri liligeuka kuwa vita. Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala la mwaliko. Watu wa Mafia huingia kanisani wakialikwa na mtu asiyeshika chochote juu yao. Kinachowaudhi ni mwaliko unaotoka kwa mtu ambaye kumkatalia kuna gharama.

Wana sababu ya kihistoria ya kuhisi hivyo. Kanisa la kwanza la kudumu katika mwambao wa Tanganyika lilianza Bagamoyo mwaka 1868, pale Mapadre wa Roho Mtakatifu walipojenga kijiji cha watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa wamenunuliwa sokoni Unguja ili wawe huru. Sitakejeli kazi hiyo. Ilikuwa huruma, na iliokoa roho za watu. Lakini mtoto aliyenunuliwa, akalishwa, akavishwa na kupewa shamba na misheni hakuwa na mlango wa kutokea endapo angesema hataki kubatizwa. Baadaye ikaja shule. Chini ya Waingereza, elimu nzuri ilipatikana zaidi kwenye misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu wa Pwani waliwazuia watoto wao kwa kuhofia kwamba bei ya kusoma ni ubatizo. Hofu hiyo iliwagharimu sana, kwa sababu kizazi kilichofuata kilikuta ofisi zimeshajaa watu wa kutoka kwingine. Serikali ilitaifisha shule nyingi za misheni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa hiyo ya kuikata kamba iliyofunga elimu na dini.

Historia hiyohiyo haiwapi Waislamu nafasi ya kujiona safi. Mafia ya kusini na kisiwa cha Chole zilikuwa na mashamba makubwa ya minazi ya Waarabu wa Oman, yaliyolimwa na watu waliotekwa bara. Watumwa hao walisilimu, na uzao wao leo ni Waislamu kama wengine wote, lakini hakuna aliyewauliza. Walichukua dini ya aliyewamiliki. Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Bagamoyo tena, mji uleule wa misheni. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kama mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akainuka hadi kuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria, udugu wa Kisufi, na mmoja wa watu walioheshimiwa kuliko wote katika mji huo, hadi alipofariki mwaka 1931. Tarika yake ilivuta watu wa hali ya chini kwa maelfu. Haikuwa na mishahara ya kutoa, ilikuwa na zikri na mahali pa kukaa kama binadamu. Aliyekuja alikuja kwa miguu yake. Kila ninapoulizwa kama dini inaweza kuenea Pwani bila nguvu, jibu langu ni Ramiya.

Mafia ya leo haina mabwana wa watumwa, lakini ina mabwana wa ajira. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani, ile ya 2022 ikakuta 66,180. Sensa zetu hazijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo hakuna jedwali linaloweza kuwagawa watu hao kwa imani, ila anayetembea Kilindoni anajua kwamba katika ongezeko hilo wamo wageni wengi kutoka bara. Wanakuja na nafasi mikononi. Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, ndiyo inayoamua mvuvi wa Jibondo au Juani atumie wavu gani na avue wapi. Hoteli za Utende na ghuba ya Chole ndizo zinazoamua nani apate mshahara wa mwezi. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyefika kijiji cha Kanga mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi tena na tena kwa miongo minne, ameandika jinsi wenyeji wanavyolalamika kwamba maendeleo yanapita mbele ya macho yao kuelekea kwa wengine. Katika hali hiyo, kijana wa jikoni hotelini anapoambiwa na msimamizi wake, kwa tabasamu na nia njema, kwamba Jumapili kuna kwaya nzuri na angependa kumwona huko, yule kijana hasikii habari za kwaya. Anasikia habari za mkataba wake unaoisha Juni.

Atasema mtu: huyo kijana ni mtu mzima, ana kinywa, akatae. Ni hoja ya haki na inastahili jibu. Ugumu wake ni kwamba gharama ya kukataa haijulikani mapema. Pengine msimamizi hatajali kabisa. Pengine atajali bila kukusudia, na kijana mwingine aliyekuja kanisani atapewa zamu nzuri kwa sababu tu anafahamika zaidi. Kisiwani, ambako kazi za mshahara ni chache na kivuko cha Nyamisati ndiyo njia ya wengi kwenda kutafuta nyingine, mtu mwenye busara hakubali kuingia kwenye bahati nasibu hiyo. Atakuja kanisani. Na hapo anayedanganywa ni mwalikaji mwenyewe, kwa kuwa hatajua kamwe kama mgeni wake alimfuata Mungu au alifuata mkate. Mkristo anayeamini kwamba wokovu ni jambo la moyo anapaswa kuwa wa kwanza kuitupa ndiyo ya namna hiyo.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka ndani ya imani. Injili ya Mathayo inafunga kwa Yesu kuwatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote, na Mwislamu naye ameagizwa kulingania kwa hekima. Kumwambia muumini anyamaze ni kumwambia aache nusu ya dini yake, na mimi simwambii hivyo. Hata Katiba haimwambii hivyo. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadili, na inafanya kueneza dini kuwa jambo huru la hiari, huku uendeshaji wa jumuiya za dini ukibaki nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika. Muuguzi anaruhusiwa kuhubiri, ila wodi si yake. Alipewa na serikali kwa fedha za walipa kodi wa dini zote na wasio na dini. Akivua sare na kutoka langoni, awe mhubiri atakavyo, abishe hodi, aeleze anachoamini, ahojiwe naye. Ndani ya sare, mgonjwa aliyelazwa hawezi kuinuka na kuondoka. Mwanafunzi hawezi pia, na kwake nisingeacha hata nafasi ya kubishana: mwalimu asimwalike mtoto wa darasa lake kwenye ibada yoyote, ya kanisa wala ya msikiti, bila mzazi kujua na kukubali. Misaada ifuate kanuni hiyohiyo. Kisima kilichochimbwa kwa sadaka za waumini wa Ulaya au kwa fedha za wafadhili wa Ghuba kiwe na maji yasiyouliza dini ya mwenye ndoo.

Kuhusu mikutano ya injili na mihadhara ya vipaza sauti nitasema machache, kwa sababu nchi imeshajifunza kwa uchungu. Ghasia za Mwembechai mwaka 1998 na za Mbagala mwaka 2012, zote Dar es Salaam, zilionyesha jinsi kejeli juu ya imani ya mwenzako inavyoweza kuishia kwenye damu au makanisa kuchomwa. Mahubiri yanayoanza kwa kubomoa imani ya msikilizaji hayajamwalika popote.

Kipimo hiki hakiwezi kuelekezwa kwa Wakristo peke yao. Mafia, nguvu ya ofisi mara nyingi iko kwa mgeni, lakini nguvu ya kijiji iko kwa mwenyeji. Binti wa Kikristo anayependana na kijana wa Baleni huambiwa asilimu kwanza, na huambiwa na mama mkwe, na shangazi, na majirani, kwa upole usioacha nafasi ya kupumua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu wawili hao kufunga ndoa ya bomani na kila mmoja akabaki na dini yake, ingawa ni wachache wanaoelezwa njia hiyo na wazee wao. Anayelalamika kwamba bosi hotelini anatumia mkate kumvuta mtu kanisani, ajiulize kama mahari na baraka za ukoo hazitumiki vivyo hivyo kumvuta mtu msikitini.

Na kuna mtu wa mwisho ambaye mjadala huu humkwepa: mwenyeji wa Mafia aliyealikwa na mtu asiye na nguvu yoyote juu yake, akaenda, akasikiliza, akaamini, akataka kubatizwa. Kama haki ya kukataa ni ya kweli, na haki ya kukubali lazima iwe ya kweli. Kwake gharama haitoki kwa mgeni, inatoka nyumbani. Mali ya maana katika vijiji vingi ni minazi na shamba la ukoo, na sheria ya Kiislamu, ambayo mahakama zetu huitumia katika mirathi ya Waislamu, haimrithishi asiye Mwislamu. Siwataki wanazuoni wabadili hukumu yao kwa ajili ya makala. Lakini hukumu hiyohiyo inamruhusu mzazi kutoa hiba akiwa hai, na inamruhusu kumwusia asiye mrithi hadi theluthi ya alichonacho. Mzazi wa Kanga anayetaka mwanawe aliyebatizwa abaki na minazi ya babu yake, na abaki na sababu ya kurudi nyumbani, ana njia ndani ya dini yake mwenyewe, na anayepaswa kumwonyesha njia hiyo ni shehe wake, si mchungaji.