Mheshimiwa Rais, mlinde karani anayekataa kusaini

Kwa Mheshimiwa Dkt. John Pombe Magufuli,
Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Ikulu, Dar es Salaam.

Januari 2016

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia kutoka Morogoro. Mimi ni mhasibu mstaafu, maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye ofisi za halmashauri. Siombi cheo wala nafasi ya kuonana nawe. Nataka ujue kwamba niko upande wako, na nataka nikueleze jambo moja ambalo sisi wa meza za chini tunalijua na ambalo wakubwa wanaokuzunguka huenda wasikueleze.

Kwanza pokea shukrani. Tangu uapishwe tarehe 5 Novemba, hapa mtaani watu wanaisubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku kama wanavyosubiri mechi ya Simba na Yanga. Ulipoingia hospitali ya Muhimbili bila kubisha hodi, ukakuta wagonjwa wamelazwa sakafuni na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi, wako waliotokwa na machozi, maana ni nani kati yetu asiye na ndugu aliyewahi kulala pale chini? Fedha za kupongezana baada ya kuzindua Bunge zikanunua vitanda. Siku ya Uhuru tukashika mafagio badala ya kutazama gwaride, nawe tukakuona Feri ukizoa taka kwa mikono yako, wakati kipindupindu kikiendelea kuua watu jijini Dar es Salaam. Shilingi bilioni 4 za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Na mwezi huu wazazi wamepeleka watoto sekondari bila kuulizwa ada.

Lakini lililonikaa moyoni ni la bandarini. Tarehe 27 Novemba Waziri Mkuu Majaliwa aliwatokea watendaji wa pale akiwa na orodha mkononi: makontena 349 yametoka bila kulipiwa ushuru, na kodi iliyopotea inakadiriwa kufika shilingi bilioni 80. Wengine waliishika ile namba. Mimi mawazo yangu yalikimbilia kwenye makaratasi, kwa sababu kontena haliruki ukuta. Lina namba ubavuni na lina hati zake. Linashushwa, linaandikishwa, linapakiwa kwenye lori kwenda bandari kavu. Kuna anayekagua hati za forodha, kuna anayegonga muhuri, kuna anayefungua geti na anayeandika saa ya kutoka. Hesabu watu hao kwa kontena moja tu, kisha fikiria makontena 349. Siamini kwamba wote wale ni wezi. Wapo waliopata mgao, hilo sikatai. Wengi, nadhani, walipigiwa simu.

Simu hiyo naijua, Mheshimiwa. Ni fupi. "Kuna mzigo wa mzee, usiusumbue." "Hiyo vocha ipitishe, ni maagizo kutoka juu." Huko juu ni wapi, haelezwi, na anayeuliza anaonekana mkaidi. Haibaki hata alama moja. Jambo likija kulipuka, sahihi iliyopo kwenye karatasi ni ya karani, na karani ndiye anayepandishwa kizimbani.

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Ililetwa vocha ya malipo ya semina: posho za washiriki, chakula, ukumbi, mafuta ya magari. Nyuma yake ilibanwa orodha ya mahudhurio. Majina yote yalikuwa yamesainiwa kwa wino wa kijani, na sahihi zote zimeegemea upande mmoja, kuanzia mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Karani wa malipo, binti aliyekuwa bado mgeni kazini, aliiweka pembeni, akasema hailipi mpaka aone barua za mwaliko. Simu ikaja kabla ya chai ya saa nne. Nilimsikia akijibu kwa adabu kabisa: "Naomba uniandikie, mkuu." Hakuandikiwa. Kabla mwezi haujaisha alikabidhiwa barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali, mahali ambapo hapakuwa hata na kazi ya uhasibu ya kufanya. Vocha ikalipwa na mwenzake, baba wa watoto wanne wanaosoma. Ile barua ya uhamisho ilikuwa na kumbukumbu namba, tarehe, muhuri na nakala kwa kila anayehusika. Agizo la kulipa semina hewa halikuwa na hata mstari mmoja.

Ndiyo maana nakuandikia. Ukimsimamisha kigogo, tunashangilia, nami nimo. Kamishna Mkuu wa mapato ameondolewa, TAKUKURU imepata uongozi mpya, bodi ya bandari imevunjwa. Majipu yalikuwa yameiva na ulikuwa na haki ya kuyatumbua. Ila karani aliyekaa nyuma ya dirisha la malipo anatazama hayo yote na kujiuliza swali lake: bosi mpya naye akipiga simu, nitamjibuje? Kwake hakijabadilika kitu. Ana mshahara uleule, nyumba ya kupanga ileile, na woga uleule wa bahasha ya uhamisho.

Na nchi hii imekwishaibiwa kwa karatasi mara nyingi mno. Rais Mkapa aliunda Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996, nayo ikaichambua rushwa ya mdogo anayetafuta mkate na ya mkubwa anayetafuta utajiri. Ilikuwa kazi nzuri, wengi wameisahau. Baadaye zikachotwa shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA pale Benki Kuu. Ikaja kashfa ya Richmond, Waziri Mkuu akajiuzulu mwaka 2008. Ikaja ya akaunti ya Escrow ya Tegeta, zaidi ya shilingi bilioni 300, Bunge likakesha. Hata pembe za ndovu zinaondoka kwa njia hiyohiyo. Tembo wetu walikuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009; walipohesabiwa mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Jangili ana bunduki, lakini bunduki haipakii meli. Ili pembe zivuke bahari, lazima pawe na hati inayotaja bidhaa nyingine na mtu wa kuigonga muhuri. Siwezi kuamini kwamba katika mambo yote haya hakuwepo mtu wa meza ya chini aliyeona mapema, akatamani kusema, akatazama kushoto na kulia, akakosa wa kumwambia.

Sisi wenye umri tunaukumbuka pia mwaka 1983. Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita na wahujumu uchumi tulimpenda kama leo tunavyokupenda wewe, na kwa sababu zilezile: alikuwa hana makuu na alikuwa hajajilimbikizia. Hata hivyo sheria iliyotungwa kwa haraka mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili. Wenye maduka madogo walishikwa na katoni za sabuni, na watu walikuwa wakitupa bidhaa usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibidi ibadilishwe. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine akafariki kwa ajali ya gari hapahapa mkoani kwetu, Dakawa, na sehemu kubwa ya vita ile ikazikwa naye. Wanaokushauri leo uongeze ukali tu, naomba uwakumbushe hayo.

Ninachokuomba ni waraka. Katibu Mkuu Kiongozi auandike, uende kila wizara, kila mamlaka na kila halmashauri: agizo lolote linalogusa fedha, mzigo, kiwanja au leseni ya umma litolewe kwa maandishi, likiwa na jina na sahihi ya aliyelitoa. Mtumishi aliyeagizwa kwa mdomo awe na haki ya kukataa, na anayetaka kumhamisha baada ya hapo aeleze sababu mbele ya mtu wa tatu. Bunge lilipitisha mwaka jana Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Tangaza tarehe ya kuanza kutumika, kanuni zitungwe, na itengewe fungu lake la fedha, maana sheria isiyo na fungu tunajua inavyoishia kabatini.

Halafu ije ile mahakama ya mafisadi uliyotuahidi Dodoma. Wanaosimamishwa wafikishwe huko, wapewe mawakili, wasikilizwe. Atakayeshinda arudi kwake bila kunyooshewa kidole. Kumsimamisha mtu kunamalizika kwa siku moja. Kumtia hatiani kunahitaji vocha halisi, hati halisi na shahidi asiyeogopa, na vyote vitatu viko kwa karani. Jalada la TAKUKURU likifika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka halina ushahidi, litalala hukohuko hata kama Rais ana nia njema kiasi gani.

Naomba uniwie radhi kwa hili linalofuata, kwa kuwa nalisema kwa mapenzi: waraka huo ukuhusu na wewe. Siku hizi unatoa maagizo mazito ukiwa ziarani, na watendaji wanakimbia kuyatekeleza kwa kuwa wamekuona kwenye televisheni. Yafuatishwe na karatasi siku ileile. Mkurugenzi wa wilaya akijua kwamba hata la Rais linaandikwa, hatapata ujasiri wa kumwambia mhasibu kwamba lake halihitaji kuandikwa. Na tapeli anayepiga simu akijitia katumwa na Ikulu ataombwa barua, atakata simu.

Kama ungependa kuanza mahali fulani, anzia kwenye mafaili ya uhamisho. Agiza kila halmashauri na kila mamlaka ya serikali ilete majina ya wahasibu, maofisa ugavi, wakaguzi wa ndani na makarani waliohamishwa ghafla katika miaka mitano iliyopita, pamoja na sababu zilizotolewa. Kisha tuma watu wakawaulize wenyewe, kwenye vituo walikotupwa, nini kilitokea wiki moja kabla ya barua kuwafikia. Unatafuta watu wa kufanya nao kazi hii, na wengi wao wamo kwenye orodha hiyo.

Nakutakia afya njema na ulinzi wa Mungu.

Mhasibu mstaafu,
Morogoro.