Uvimbe Gani? Tamko Kuhusu Upimaji wa Magonjwa ya Kizazi

Kwa wananchi wote, kwa uongozi wa hospitali na vituo vya afya vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na kwa wanataaluma wenzetu.

Sisi wakunga, wauguzi wa wodi za wanawake, matabibu na mafundi wa maabara za patholojia tuliomo katika chama hiki tumekaa, tumejadiliana na kukubaliana kutoa tamko juu ya neno moja. Neno lenyewe ni uvimbe.

Tunalisikia karibu kila asubuhi. Mama anaketi, anaweka mkoba magotini, anatoa bahasha ya kaki yenye picha za ultrasaundi zilizokwisha kufifia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Huko ulikotoka uliambiwa una nini?"

"Uvimbe."

"Uvimbe gani, mama?"

Hapo hututazama kama tuliouliza swali la kitoto. "Uvimbe tu. Kwenye kizazi." Tarehe ya upasuaji anayo, orodha ya vitu vya kununua anayo, wanawe wamekwisha kuchanga. Kinachokosekana ni jina la ugonjwa.

Chama kinatamka kwamba uvimbe si jina la ugonjwa, kama vile homa isivyo jina la ugonjwa. Wenye umri wetu tunakumbuka enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole kilipofika zahanati, tuliacha kubahatisha. Kwenye kizazi bado tunabahatisha, na tunabahatisha kwa kisu.

Lugha yetu nayo imechangia. Kizazi ni kiungo chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na kizazi ni ukoo: watoto, wajukuu na wasiozaliwa bado. Mwanamke akiambiwa "kizazi chako kina uvimbe, kitatolewa", huwa ameambiwa mambo mawili kwa pumzi moja, na la pili ndilo linalomnyima usingizi. Isitoshe, "saratani ya kizazi" kwa wengi wetu ni saratani ya shingo ya kizazi, ile inayotafutwa kwa kupaka siki na ambayo wasichana wa Tanzania walianza kuchanjwa dhidi yake nchi nzima mwaka 2018. Ni saratani inayoua sana, na kampeni zake tunaziunga mkono bila kusita. Lakini mwanamke aliyepakwa siki akaambiwa yuko salama ameangaliwa mlangoni tu. Vyumba vya ndani havijaangaliwa, na ni wachache wanaoelezwa hivyo.

Uvimbe unaopatikana mara nyingi kuliko mwingine ni fibroidi. Huanza na seli moja ya msuli wa kizazi inayojigawa bila kusikiliza wenzake, hadi inakuwa donge gumu, jeupe, lenye nyuzi zilizojisokota kama kamba ya katani. Si saratani. Utafiti uliofanyika Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003 uliwapima kwa ultrasaundi wanawake wa miaka 35 hadi 49, wenye dalili na wasio nazo. Ulikadiria kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya 80 katika kila 100 wa wanawake weusi wa pale watakuwa wamepata fibroidi, na kwa wazungu karibu 70 katika kila 100. Wengi wao hawakujua kama wanazo na hazikuwasumbua. Kwa hiyo kuonekana kwa fibroidi kwenye picha si sababu ya kupasuliwa, na mwanamke anayetokwa damu huku ana fibroidi si lazima awe anatokwa nayo kwa sababu ya fibroidi hiyo. Anaweza kuwa na vitu viwili.

Mahali ilipokaa hushinda ukubwa wake. Fibroidi ya ukubwa wa zabibu iliyochomoza ndani, panapokaa mimba, yaweza kumtoa mwanamke damu hadi aongezewe chupa tatu. Nyingine ya ukubwa wa embe dodo, iliyoning'inia nje ya ukuta, hukaa miaka kimya. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake, FIGO, huzipa fibroidi namba kuanzia 0 hadi 8 kufuatana na zilipokaa. Ripoti ya mstari mmoja inayosema "kizazi kikubwa, fibroidi" haimsaidii daktari wala mgonjwa. Iseme ngapi, ukubwa gani, na ziko wapi.

Jirani wa fibroidi anayefananishwa nayo kila siku ni adenomyosisi. Hapa ngozi laini inayofunika kizazi kwa ndani, ile inayobanduka kila mwezi kuwa hedhi, imepenya na kujichimbia katika msuli. Kizazi huvimba chote, na hedhi huwa nzito yenye maumivu ya kumkunja mtu. Wanawake hawa wamezungushwa sana. Wameambiwa ni chango, wamekunywa mizizi, wameambiwa watapona wakizaa. Tofauti yake na fibroidi huonekana wazi mikononi mwa mpasuaji: fibroidi ina mpaka wake, hukokolewa kama kokwa kwenye embe, lakini adenomyosisi imeingia kama chumvi kwenye unga uliokwisha kukandwa. Aliyeingia chumba cha upasuaji kutoa "uvimbe" akakutana na hiyo hana cha kukokoa. Mtaalamu mzuri wa ultrasaundi ya kupitia ukeni anaweza kuitambua mapema, na MRI huitambua vizuri zaidi, ingawa kwa wengi wetu MRI ni safari ya basi na ni bei ya mbuzi wawili watatu.

Polipi, vile vinyama vinavyoning'inia kwenye ukuta wa ndani, tunavipitia haraka: vingi si vibaya, hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye shingo ya kizazi, na kila kilichotolewa kipimwe.

Tunasimama zaidi kwenye saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, kwa kuwa hii ina tabia moja ya kiungwana: hupiga hodi. Katika kila wanawake 10 wanaougua saratani hii baada ya hedhi kukoma, 9 hutokwa damu. Katika kila 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma, takriban 9 hukutwa nayo. Maana yake ni kwamba wengi hawana saratani, na hapohapo hakuna anayeruhusiwa kupuuzwa. Mwanamke aliyemaliza miezi 12 bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, hata mara moja, si kwamba "hedhi imerudi". Tumewaona mashoga wakimpongeza mwenzao kwa kigelegele kwamba amerudi usichanani. Jamani, msimpigie kigelegele. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo. Unene, kisukari na miaka mingi ya hedhi zinazoruka-ruka huongeza hatari.

Kipimo chake kipo na si cha kutisha. Ultrasaundi hupima unene wa ukuta wa ndani. Kwa mama aliyekoma hedhi, milimita 4 au pungufu kwa kawaida hutuliza moyo. Lakini wenzetu wa kwenye mashine watuvumilie kidogo: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kwa wanawake weusi wenye saratani hii, kipimo cha unene peke yake kilimwacha takriban mmoja kati ya 10. Fibroidi huvuruga picha. Damu ikiendelea kutoka, namba nzuri isimfukuze mama mlangoni. Achukuliwe kinyama kwa mrija wa plastiki wa milimita 3 hivi. Ni dakika chache za maumivu ya kubana tumbo, bila nusukaputi.

Kuna sarkoma pia, saratani ya msuli wenyewe, adimu na mjanja, inayovaa nguo za fibroidi. Hakuna kipimo cha kabla ya upasuaji kinachoweza kuitofautisha kwa uhakika kila mara. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikadiria kwamba mwanamke 1 katika 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya fibroidi huwa na sarkoma isiyojulikana, ikaonya dhidi ya mashine inayosaga uvimbe ndani ya tumbo, kwa kuwa husambaza mbegu za saratani. Makadirio mengine ni madogo zaidi. Sisi tunabaki na ushauri mmoja: "fibroidi" inayoanza kukua baada ya hedhi kukoma ishukiwe, kwa sababu kawaida ya fibroidi wakati huo ni kusinyaa.

Hatuwezi kuacha mimba zabibu. Mwanamke ana dalili zote za ujauzito, anatapika kupita kiasi, tumbo limezidi miezi yake, anatokwa damu. Ndani hakuna mtoto, kuna vishada vya malengelenge. Anasafishwa, anarudi nyumbani, na hapo ndipo tunapoharibu. Baadhi ya mimba hizi huacha seli zinazogeuka saratani na kukimbilia mapafuni. Dawa yake inajulikana tangu mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz walipotumia methotreksati huko Marekani, na saratani hii ni miongoni mwa zinazopona vizuri kuliko zote hata zikiwa zimesambaa. Lakini lazima homoni ya mimba ipimwe tena na tena hadi ipotee, na mama asishike mimba nyingine katika kipindi hicho, la sivyo hatutajua homoni ni ya nani.

Maumbile ya kuzaliwa nayo yana haki ya kutajwa. Kizazi huundwa tumboni mwa mama kutoka mirija miwili inayoungana. Isipokua au isipoungana vizuri, msichana huzaliwa na kizazi chenye pembe mbili, au chenye ukuta katikati, au hana kabisa. Eksirei ya mirija haitoshi kutofautisha pembe mbili na ukuta wa katikati, maana huonyesha umbo la ndani tu, na matibabu yake hayafanani. Figo zipimwe pia, kwa kuwa huumbwa jirani. Binti wa miaka 16 asiyeona hedhi na mwenye tumbo linalouma kila mwezi hajarogwa.

Sasa tuje kwenye chupa inayobeba nyama ya kupimwa hadi maabara. Mmoja wetu wa maabara alipokea mzigo kutoka kituo kimoja, hatukitaji. Uliletwa na kijana aliyesafiri nao kwenye basi usiku kucha, ameukumbatia. Ilikuwa chupa ya achali. Ndani yake kizazi kizima kimesongwa, formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ni kiasi cha kiganja tu, na jina la mgonjwa limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kifuniko. Wino ulikuwa umeyeyuka. Nyama ya katikati, ambayo formalini haikuifikia, ilikuwa imeoza. Kijana aliuliza, "Majibu ya mama lini, dada?" Alijibiwa ukweli, kwa upole, nje kwenye benchi.

Kwa hiyo tunaelekeza wanachama wetu wote, kuanzia leo: chombo kiwe na mdomo mpana, formalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, kizazi kikubwa kipasuliwe mapema ili dawa ipenye, jina liandikwe kwa penseli kwenye lebo iliyobandikwa ubavuni mwa chombo na si kwenye kifuniko, na fomu ieleze umri, hedhi ya mwisho na kilichoonekana. "Uvimbe?" yenye alama ya kuuliza si maelezo.

Kwa uongozi wa hospitali tunadai kwamba kila kinachotolewa kizazini, pamoja na kinachokwanguliwa mwanamke "anaposafishwa", kipelekwe maabara, na gharama yake iwe ndani ya bei ya upasuaji. Ikitozwa kando, familia iliyokwisha kuuza kuku na mahindi huiacha, na ndoo ya taka ndiyo inayopokea jibu. Kwa serikali, tunaomba kipimo hiki cha maabara kiingizwe katika mafao ya msingi ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na wanapatholojia wasomeshwe na kupelekwa mikoani. Sampuli kutoka pembezoni haiwezi kuendelea kusubiri zamu yake nyuma ya foleni za Dar es Salaam, Mwanza na Moshi.

Wauzaji wa dawa za kuyeyusha uvimbe, wale wa kwenye mabasi na wa kwenye simu, tunawaambia hivi: fibroidi husinyaa zenyewe hedhi ikikoma, nanyi mmekuwa mkipokea sifa na fedha kwa kazi iliyofanywa na umri. Aliyekuwa na saratani hamkumsikia tena, naye hakurudi kudai fedha zake.

Na kwako mama, dada, shangazi. Ukienda hospitali, sema unabadilisha pedi au vitambaa mara ngapi kwa siku, kama unaamka usiku kubadilisha, kama yanatoka mabonge, na tarehe ya hedhi ya mwisho. Usione haya. Kama bado una umri wa kuzaa, utapimwa mimba kwanza, hujatukanwa. Ukiambiwa kipimo ni cha kupitia ukeni, una haki ya kuomba nesi mwanamke awepo, na kama hujawahi kukutana na mwanamume, sema, utapimwa kwa juu kibofu kikiwa kimejaa. Kabla ya kusaini fomu ya kutolewa kizazi, uliza: uvimbe gani, umekaa wapi, mmejuaje, na kuna njia gani nyingine? Ukishapasuliwa, dai karatasi ya majibu ya maabara, kwa maandishi, na uelezwe kwa Kiswahili. Mwanachama wetu yeyote atakayekujibu "uvimbe tu" amevunja tamko hili, na chama kitapokea malalamiko yako.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.