TAHARIRI: Ndege wa Rugezi na bei ya umeme

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Cyanika, kati ya Uganda na Rwanda, huwaza viazi, ushuru na nauli. Ndege mdogo wa kahawia anayekula wadudu kwenye majani ya kinamasi hayumo katika hesabu zake. Anastahili kuwamo.

Ndege huyu, ambaye wataalamu wamempa jina la Grauer, huishi katika vinamasi vya milimani vya nchi nne tu: Rwanda, Uganda, Burundi na Kongo. Makazi yake makubwa ni kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Majani yakifyekwa na maji yakikauka, hana pengine pa kujenga kiota.

Maji hayo hayo huingia Ziwa Burera na kuendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka, kisha ya Mukungwa. Kinamasi kilipochimbwa mitaro ili kilimwe, na mvua nazo zikapungua, ziwa lilishuka. Kufikia mwaka 2004 Rwanda ilikuwa na uhaba mkubwa wa umeme, ikategemea majenereta ya dizeli, na bei ikapanda. Gharama hiyo ilimwangukia mwenye mashine ya kusaga na mwenye jokofu la samaki.

Serikali ilipiga marufuku kilimo ndani ya Rugezi, na maji yakarudi. Mwaka 2005 kinamasi kikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Lakini marufuku hiyo iliwanyima wakulima wa jirani mashamba, na mwenye njaa hatalinda kinamasi kwa kuambiwa tu.

Maji ya Rugezi hatimaye hufika mto Kagera, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zinashirikiana mitambo ya Rusumo. Kwa hiyo mtaro unaochimbwa kwa mmoja ni hasara kwa jirani.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 unazitaka nchi wanachama kushirikiana kulinda mazingira. Tunazitaka serikali ziarifiane kabla ya kukausha kinamasi chochote kinacholisha mito ya pamoja, na wakulima wanaoondolewa wapewe njia nyingine ya kujipatia riziki. Nanyi wafanyabiashara, vyama vyenu hukutana na maofisa wa mpakani kuhusu ushuru. Lipelekeni na hili la vinamasi mezani, kwa kuwa bili ya umeme mnailipa ninyi.